Kutuliza bunduki porini kwa egemeo la kujitafutia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wenye leseni ya kuwinda na bunduki wanayoimiliki kihalali, na vijana wanaobeba magongo ya kulengea, yaani miti ya kuwekea bunduki, kwenye vitalu vya uwindaji Tanzania. Majibu yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi hali zinazotatiza. Mkono wa kushoto unapotajwa, ni kwa anayepigia bega la kulia. Wa bega la kushoto ageuze.

## Mambo ya msingi

Kiwanjani napiga vizuri. Porini egemeo la nini?

Kiwanjani umekaa, meza iko mbele yako, mfuko wa mchanga uko chini ya bunduki, na shabaha haina miguu. Porini umefuata nyayo tangu alfajiri, jasho linaingia machoni, moyo unadunda, na mnyama akigeuza kichwa tu unajua amebakiza muda mfupi aondoke.

Fanya hesabu ndogo. Kutoka begani hadi mdomo wa mtutu ni kama mita 1. Mdomo ukicheza milimita 1, risasi inahama sentimita 10 kwenye umbali wa mita 100. Ukicheza milimita 2, ni sentimita 20. Eneo la moyo na mapafu la swala pala lina upana wa sentimita 15 hadi 20 hivi. Kwa hiyo milimita 2 pale mbele zinatosha kuitoa risasi kwenye mapafu na kuipeleka tumboni. Mtu aliyesimama bila kuegemea kitu, tena anahema, mtutu wake hucheza zaidi ya hapo hata kama mwenyewe haoni.

Risasi ya tumboni humtesa mnyama kwa saa nyingi. Kama ni nyati, anakwenda kujificha kichakani akiwa na maumivu na hasira, na atakayemkuta anaweza kuwa mtafuta nyayo wako, au mama aliyetoka kijijini kutafuta kuni kesho yake. Ndiyo maana suala la egemeo lichukuliwe kwa uzito uleule wa suala la risasi yenyewe.

Je, kuegemea si dalili kwamba mtu hajui kulenga?

Hapana. Wanaume wawili wenye shabaha sawa wakisimama pamoja, aliyeegemea ndiye atakayepiga vizuri zaidi, kila mara. Wawindaji wa nyati wa Amerika katika miaka ya 1870 waliishi kwa bunduki zao, na walitembea na vijiti viwili vilivyofungwa pamoja juu ili kuweka mtutu. Askari wa miguu wa Ulaya wa karne ya 16 walibeba nguzo yenye panda kwa ajili ya bunduki zao nzito.

Watu humtaja W. D. M. Bell, aliyewinda tembo Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20 kwa bunduki ya kalibari (upana wa tundu la mtutu) ndogo ya .275 Rigby, na kusema yeye hakuhitaji magongo. Bell alikuwa hodari sana, alisogea karibu mno na tembo, na alijizoeza bila kuchoka. Anayeweza kusema hivyo kuhusu nafsi yake ni nadra, na mnyama aliye mbele yako hastahili kuwa sehemu ya majaribio.

Egemeo zuri lina sifa gani?

Halichezi, linafikia kimo ulichopo, na linakuachia nafasi ya kugeuza bunduki kidogo mnyama akisogea. Sifa ya kwanza ndiyo kubwa. Kadiri mwili wako unavyokaribia ardhi ndivyo unavyotulia: kulala kunashinda kukaa, kukaa kunashinda kupiga goti, na kupiga goti kunashinda kusimama. Ila nyasi za msimu zinaweza kukunyima kulala kabisa (tazama swali la nyasi ndefu sehemu ya mwisho).

Sehemu gani ya bunduki ndiyo ikae juu ya egemeo?

Mbao ya mbele, ile iliyo chini ya mtutu, karibu na pale mkono wa kushoto unapoishika. Mtutu wenyewe usiguse kitu chochote. Chuma hutetemeka risasi inapopita ndani yake, na mtutu ukiwa umelazwa juu ya jiwe au tawi, mtetemo huo unakutana na kizuizi na bunduki inaruka kulikimbia jiwe. Mara nyingi risasi hupita juu ya ulipolenga. Mtu anashuka bondeni akilaumu darubini, kumbe darubini haina kosa.

Kwa nini naambiwa niweke kofia au mkono chini ya bunduki?

Kwa sababu hiyohiyo. Mbao ikikaa juu ya kitu kigumu, bunduki inaruka kabla risasi haijatoka vizuri. Weka kitu laini katikati: kofia iliyokunjwa, jaketi, kikoi, au kiganja chako mwenyewe. Kiganja hakisahauliki kambini. Kiweke juu ya jiwe kikiangalia juu, kisha laza mbao ndani yake.

Na kitako cha bunduki, kile kinachokaa begani, nacho kinahitaji egemeo?

Ndiyo, na hapa ndipo wengi wanapoishia nusu ya kazi. Mbele pakiwa pametulia na nyuma pananing'inia, msalaba wa darubini utaendelea kupanda na kushuka. Ukiwa umelala au umekaa nyuma ya kichuguu, kunja ngumi ya kushoto na kuiweka chini ya kitako, kisha ibane au ilegeze kidogo kushusha na kupandisha shabaha. Soksi iliyojazwa mchele au mchanga mkavu na kufungwa fundo hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, na inaingia mfukoni.

Ukiwa umesimama kwenye magongo, kiwiko cha kulia ndicho kinachoning'inia. Kibane ubavuni, au kiegemeze kwenye shina la mti likiwa karibu. Kuhusu kumtumia mwenzako, soma swali la bega la mwenzako kabla hujafanya.

## Vitu unavyovikuta njiani

Kichuguu kinatumikaje?

Kwenye misitu ya miombo, kichuguu ndilo egemeo bora Mungu alilotuwekea. Ni kigumu kama saruji, hakiyumbi kwa upepo, na kinakuficha unaposogea. Vingine vina kimo cha kifua na vingine cha kiuno, hivyo unachagua unaposimama na unapopiga goti.

Kabla hujakilalia, kiangalie pande zote. Mashimo yake huweza kuwa na nyoka, nyuki hupenda kukaa humo, na ngiri hulala kwenye mashimo ya chini na hutoka mbio bila kubisha hodi. Ukishaona ni salama, weka kofia au begi juu, sogeza bunduki mbele hadi mdomo wa mtutu upite ukingo wa upande wa pili. Mdomo ukibaki juu ya udongo, mlipuko utatimua vumbi usoni kwako na hutaona mnyama alivyopokea risasi. Pia soma swali la risasi kugonga ukingo, kwa sababu kichuguu ndicho kinachoongoza kwa ajali hiyo.

Mti je? Najibanza ubavuni au naweka bunduki kwenye panda?

Panda ya mti inavutia macho lakini mara nyingi iko juu mno au chini mno, na matawi yake huyumba. Shina ni bora. Chagua lenye unene wa paja au zaidi. Jembamba litayumba kwa uzito wako wenyewe.

Nyosha mkono wa kushoto, kiganja kibane kwenye shina, kidole gumba kikiwa kimetoka pembeni. Mbao ya bunduki inakaa kwenye pembe kati ya gumba na kiganja. Sukuma mti kwa uzito wa mwili, mguu wa kushoto mbele. Hapo bunduki haigusi gome, inagusa mkono, na mkono unagusa mti. Kwenye migunga angalia miiba kwanza, na kwenye mti wowote angalia siafu na mizinga. Mizinga ya magogo hutundikwa sana kwenye mapori ya Tabora na Katavi, na mlipuko chini ya mzinga ni jambo la kujutia.

Jiwe?

Sawa na kichuguu, ila ni gumu zaidi, kwa hiyo kitu laini ni lazima. Angalia pia kipande cha jiwe kilicho mbele ya mdomo wa mtutu.

Begi la mgongoni linasaidia kweli?

Sana, na ndilo egemeo pekee ambalo hulazimiki kulitafuta kwa sababu tayari umelibeba. Likiwa limejaa nguo na chupa ya maji limesimamishwa, ni egemeo la kukaa. Limelazwa, ni egemeo la kulala. Ligonge katikati kwa ngumi ili kutengeneza mfereji wa kulaza mbao. Ondoa sufuria na vitu vya chuma upande huo, vitagonga bunduki na kelele yake hufika mbali.

Sina kitu chochote. Mwili wangu unatosha?

Unatosha kuliko unavyodhani. Kaa chini, miguu imetanuliwa kidogo, visigino vimechimba udongo, viwiko mbele ya magoti. Usiweke ncha ya kiwiko juu ya mfupa wa goti. Mfupa juu ya mfupa huteleza. Sogeza mbele hadi nyama ya nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, ndiyo iguse goti.

Ongeza mkanda wa bunduki. Pitisha mkono wa kushoto ndani yake, uuzungushe nje ya mkono na kuurudisha ili upite juu ya mgongo wa kiganja, kisha shika mbao. Mkanda ukikaza, bunduki na bega na mkono vinakuwa kitu kimoja. Mkanda mpana wa ngozi hushika vizuri; ule mwembamba wa nailoni huteleza na kukata mkono.

## Magongo ya kulengea

Magongo mawili au matatu?

Fimbo moja huzuia bunduki isipande na kushuka, lakini inayumba kushoto na kulia. Mchungaji aliyeegemea fimbo yake anajua hilo. Mawili yaliyofungwa kama herufi X hupunguza kuyumba kwa pembeni, yakabaki kucheza mbele na nyuma. Matatu husimama yenyewe na ndiyo yanayotulia kuliko yote.

Uzuri wa mawili ni wepesi: ni mepesi kubeba na yanafunguka haraka vichakani. Kwenye mbuga ya wazi, ambapo kongoni anasimama mita 150 na zaidi, chukua matatu. Kwenye vichaka ambapo nyati yuko mita 50 hadi 80, mawili hutosha kwa aliyeyazoea. Kwa anayeanza, matatu kila mahali.

Nitayatengenezaje mwenyewe?

Tafuta miti iliyonyooka yenye unene wa gumba. Mkole unapendwa kwa sababu ni mgumu na hupinda bila kuvunjika. Mwanzi ni mwepesi lakini hupasuka ukikauka sana, na hugonga kwa sauti. Menya gome, yafunge pamoja kwenye kitu kilichonyooka, yakauke kivulini ili yasipinde. Jua kali huyapasua.

Urefu: yakisimama wima yafike kwenye kidevu au juu yake kidogo, maana yakitanuka yanashuka. Yafunge sentimita 10 hadi 15 kutoka juu kwa utepe wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli au gari. Zungusha mara kadhaa, yakaze kiasi cha kufunguka kwa kusukuma na kurudi yenyewe. Kisha zungushia mpira mwingine kwenye panda ya juu pale bunduki inapokaa. Unazuia kuteleza na pia kelele ya mti kugonga mbao. Ncha za chini zichongwe kidogo zishike udongo.

Yaandae nyumbani. Ndani ya hifadhi na mapori ya akiba hukati mti kwa kujiamulia, hata kama ni fito.

Nani ayabebe, na yawekwe vipi?

Ukiwa na mtafuta nyayo, yeye. Mzuri utamtambua hapa. Anatembea mbele, magongo yamefungwa begani, na mnyama akionekana hapigi kelele wala hanyooshi kidole kwa haraka. Anainama, anayashusha taratibu, anayafungua kwa kifundo cha mkono, anayasimamisha yakielekea mnyama huku mguu mmoja ukiwa mbele, kisha anateleza kushoto na nyuma na kuziba masikio. Wewe unapofika, kazi yako ni kuweka bunduki tu.

Fanyeni mazoezi pamoja kambini siku ya kwanza, apime kimo chako. Magongo yaliyowekwa kwa kimo cha mwindaji wa juzi hukupotezea sekunde zilezile unazozihitaji.

Nikishaweka bunduki, mikono ishike wapi?

Mkono wa kushoto ushike mbao na panda ya magongo kwa pamoja. Egemea mbele kidogo, uzito wako uyabane ardhini. Usining'inie, utayasukuma yaanguke. Kitako kivute begani kwa mkono wa kulia. Baada ya kupiga, usiinue kichwa: vuta bolti (komeo la kuingizia risasi) kitako kikiwa bado begani na bunduki bado juu ya magongo, uwe tayari kwa risasi ya pili.

## Pumzi na kufyatua

Nimeegemea vizuri lakini msalaba bado unacheza. Nifanyeje?

Kwanza hakikisha mwili wenyewe unaelekea mnyama. Lenga, funga macho, vuta pumzi na kuitoa, fungua macho. Msalaba ukiwa umehama, usiurudishe kwa nguvu za mikono. Sogeza miguu au makalio hadi urudi wenyewe. Misuli inayolazimisha huchoka na kutetemeka; mifupa iliyopangwa vizuri haichoki.

Kisha pumzi. Vuta, toa, na pale inapokwisha kutoka kabla hujavuta nyingine, mwili hutulia kwa sekunde mbili tatu. Fyatua hapo. Usibane pumzi kwa muda mrefu: kadiri sekunde zinavyosogea, jicho linaanza kufifia na mtetemo unarudi. Muda ukikupita, hema upya na uanze tena. Mwisho, bonyeza triga polepole kwa ncha ya kidole mpaka mlipuko wenyewe ukushtue.

Kucheza kidogo hakuishi kabisa, hata kwa bingwa. Msalaba ukizunguka ndani ya eneo la moyo na mapafu bila kutoka, umeshatulia vya kutosha.

Mikono inatetemeka kila nikimwona mnyama.

Ni jambo la kawaida na hata wenye uzoefu huwapata. Toa macho kwenye pembe. Chagua doa moja nyuma ya bega, uliangalie hilo tu. Ukiwa umetoka kukimbia, kaa chini hadi uweze kuhema kwa pua. Mwindaji bingwa, yaani mtaalamu anayekuongoza, akikwambia subiri, subiri.

Naweza kufanya mazoezi bila kutumia risasi?

Ndiyo, na ndiyo mazoezi yenye faida kubwa kuliko yote. Toa risasi zote, angalia chemba (pale risasi inapokaa ndani ya mtutu) kwa jicho na kwa kidole, risasi zipeleke chumba kingine na ufunge mlango. Kisha simama na magongo, lenga alama ndogo ukutani ambako hakuna mtu nyuma yake, na bonyeza triga ukiangalia kama msalaba unaruka. Bunduki nyingi za kisasa za bolti hazidhuriki, ila za kalibari ndogo ya .22 nyingi huumia ncha ya kugongea, kwa hiyo ziwekee risasi bandia.

Ukienda kwenye kiwanja kilichoruhusiwa, rekebisha darubini ukiwa mezani, lakini ukimaliza acha meza. Risasi zote zilizobaki zipige kwenye magongo, ukiwa umekaa, na kwenye begi. Hapo ndipo utajua umbali wako halisi: ule ambao kwa egemeo hilo risasi zako zote zinaingia kwenye sahani ya sentimita 15. Kwa kulala unaweza kuwa mita 200, kwa magongo mita 120, kwa mikono mitupu mita 40. Namba ni za mtu mmoja mmoja, ziandike na uziheshimu.

## Hali zinazotatiza

Naona mnyama vizuri kwenye darubini, lakini risasi imegonga udongo mbele yangu. Kwa nini?

Darubini iko juu ya mtutu kwa sentimita 4 hadi 5. Jicho linapita juu ya ukingo wa kichuguu au jiwe, mtutu unaelekea ukingo wenyewe. Huoni kizuizi kwa sababu darubini inakuza cha mbali na kufuta cha karibu. Kabla ya kuondoa sefti (kizuizi cha triga), inua jicho kutoka kwenye darubini na uangalie mdomo wa mtutu uko wapi. Kama huna nafasi ya kuinua jicho, mwambie mwenzako aangalie. Vipande vya jiwe na risasi huruka pembeni na vinaweza kumpata mtu.

Naweza kuweka bunduki kwenye bega la mwenzangu?

Mbele, kamwe. Mlipuko wa bunduki ya kuwindia hufikia desibeli 160 hivi, na sauti ya ghafla ya 140 tayari inaharibu sikio. Mtutu ukipita kando ya kichwa chake, unamwachia uziwi wa maisha kwa ajili ya mnyama mmoja. Bunduki yenye kifaa cha kupunguza teke (msukumo wa kurudi nyuma) mdomoni ni mbaya zaidi, kwa sababu inarudisha mlipuko nyuma na pembeni.

Kinachokubalika ni mwenzako kusimama nyuma ya mstari wa mtutu, upande wako wa kulia, ukaweka kiwiko cha kulia begani mwake. Hapo pia azibe masikio, na mkubaliane kabla. Wengi wa wanaobeba magongo hawana vizibo vya masikio kwa sababu hakuna aliyewapa. Aliyeleta bunduki alete na vizibo vyao.

Kupiga nikiegemea gari?

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inakataza kuwinda kutoka kwenye gari, kwa hiyo kwa mwindaji Tanzania swali limefungwa. Shuka, liache gari, tembea.

Nyasi ni ndefu, siwezi kulala wala kukaa.

Msimu unapoanza Julai, nyasi za miombo bado zinaweza kufika kifuani, na magongo ya kusimama ndiyo mwokozi. Baadaye moto ukishapita, ardhi inakuwa wazi na unaweza kukaa, ila majivu huingia kwenye bolti na kwenye mdomo wa mtutu. Usiruhusu mdomo uguse chini. Ukishuku kuna kitu ndani, toa risasi, toa bolti, chungulia kutokea nyuma. Mtutu ulioziba unaweza kupasuka.

Kupiga ukiwa umelala na bunduki kubwa kuna tatizo?

Lipo. Kalibari kama .375 H&H Magnum, iliyotoka 1912 na inayotumika sana kwa nyati, inapiga teke kubwa. Ukisimama mwili unayumba nyuma na kulimeza. Ukilala, mfupa wa bega hauna pa kwenda. Darubini nayo hurudi na kupasua nyusi. Kaa au simama na magongo, jicho likiwa sentimita 8 au 9 nyuma ya darubini.

Mlimani, kupiga kuelekea chini au juu?

Kuelekea chini, tatizo kubwa ni kitako: kinapanda juu na kubaki hewani. Kaa, weka begi kwenye mapaja. Kwa mbuzi mawe (swala mdogo wa miambani) aliye juu ya mwamba, egemea mgongo kwenye jiwe.

Risasi hupita juu kidogo pande zote mbili, kwa sababu mvuto wa dunia huhesabu umbali wa mlalo, si wa mteremko. Mita 200 kwenye mteremko wa nyuzi 30 hulengwa kama mita 173. Chini ya mita 100 usijisumbue.

Mnyama anatembea. Magongo hayanizuii?

Yanazuia. Akitembea taratibu, mwache. Wengi husimama kidogo wenyewe kabla ya kuingia kichakani, na mwenzako anaweza kupiga mluzi mdogo. Akikimbia, usipige. Na nyati aliyejeruhiwa akikujia, yaangushe magongo, simama imara, sikiliza amri ya mwindaji bingwa. Hapo umbali ni mdogo mno kwa egemeo.

Natumia gobore halali. Kuna tofauti?

Ipo. Kati ya fataki (kile kinachowasha baruti) kulipuka na risasi kutoka kuna kuchelewa kidogo, na gobore mtutu wake ni mrefu na mzito mbele, kwa hiyo mtu anayeshusha bunduki mara tu anaposikia "pa" anakosa. Weka egemeo, na ubaki umelenga mpaka moshi umetoka. Mtu asikae upande wa fataki, cheche zake huruka pembeni.

Naweza kuegemeza bunduki yenye risasi kwenye mti wakati natafuta egemeo?

Hapana, wala kwenye magongo yaliyosimama yenyewe. Chemba iwe tupu hadi egemeo liwe tayari na mdomo umeelekea mnyama. Ukiahirisha, toa risasi kabla hujaondoka kwenye egemeo.

Hakuna egemeo, na mnyama yuko mbali kuliko umbali wangu wa mikono mitupu.

Sogea. Upepo ukikuruhusu, tambaa hadi mti au kichuguu kinachofuata. Usipoweza kusogea, mwache aende. Leseni yako bado ni halali kesho, na mnyama ambaye hakusikia mlipuko huenda akarudi palepale.

Niko Kenya, ambako uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977. Haya yananihusu?

Kwa viwanja vya shabaha, ndiyo, yote ya mkanda, kukaa, pumzi na triga. Na kama unapiga picha kwa lenzi ndefu, milimita zilezile zinakuhangaisha: mfuko wa maharage kwenye dirisha la gari hufanya kazi ya begi, injini ikiwa imezimwa, na walio ndani waombwe wasisogee viti wakati unabonyeza.